Dhamira Moja, Taswira Mbili: Mfano wa Mashairi ya Kezilahabi

Mwalimu mwanafunzi anapotakiwa kulinganisha mashairi mawili ya mtunzi mmoja, mara nyingi huandika kwamba dhamira ya yote mawili ni moja, kisha huorodhesha tashibihi na sitiari kama mtu ahesabuye mifugo zizini, na kuweka kalamu chini. Kazi ya namna hiyo haijafikia ulinganishi. Inampasa bado aulize kila taswira inasema nini juu ya dhamira hiyo, kwa maana ni hapo ndipo mashairi mawili yanapoachana njia.

Tuchukue mfano wa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Mashairi yake "Upepo wa Wakati" na "Kisu Mkononi" yamo katika diwani ya Kichomi iliyotolewa mwaka 1974. Hayafuati vina wala mizani ya kimapokeo, jambo lililozua ubishi mkubwa miongoni mwa washairi wa siku zile. Ubishi huo tutauacha kando. Hapa yatosha kusema kwamba panapokosekana vina, taswira hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Yote mawili yanahusu wakati na unyonge wa binadamu mbele yake. Katika "Upepo wa Wakati" msemaji anatazama mawimbi ya ziwa yakifika ukingoni, yakivunjika na kutoweka, na mengine yakifuata. Nasi binadamu, aona yeye, ndivyo tulivyo: twasukumwa na upepo tusioweza kuuzuia. Tuangalie kwamba hapa wanaosemwa ni wengi. Hakuna wimbi lenye jina, wala wimbi halichagui lielekee wapi. Msemaji mwenyewe ni mtazamaji, na huzuni yake ni ya mtu aliye mbali kidogo na jambo.

"Kisu Mkononi" ni shairi la mtu mmoja. Miaka yake inaibwa mmoja baada ya mwingine, naye ajiona kama gurudumu liviringikalo kwenye mteremko mkali, lisiloweza kusimama wala kurudi. Kisu kilicho mkononi kinatuonyesha jinsi mawazo ya kifo yalivyomkaribia. Lakini kuelekea mwisho picha inabadilika. Msemaji anakata shauri kuishi, na kujifananisha na ng'ombe aliyefungwa kamba, azungukaye kwa kadiri kamba inavyomruhusu. Wako wasomi wa darasani wanaoiona taswira hii kuwa ya kushindwa. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyelelewa katika vijiji vya Usukuma ajua kwamba ng'ombe wa kamba yu hai, anakula majani, na haporomoki popote. Mwendo wa mteremko umegeuka kuwa mwendo wa duara, na ndani ya duara hilo mapigo ya moyo yanasikika kama muziki. Wimbi halikupewa nafasi hiyo ya kuamua. Basi tofauti ya mashairi haya imo katika taswira, ingawa ukiitaja dhamira peke yake utadhani umesoma shairi lile lile mara mbili.

Darasani, mwanachuo agawe ubao sehemu mbili, na chini ya kila shairi waandikwe majibu ya wanafunzi kwa maswali haya: ni nani anayekwenda, anasukumwa na nini, na je, ana hiari yoyote? Majina ya tamathali yaje baadaye, na kwa darasa la tano si lazima yaje kabisa. Mtoto wa Kirumba au Igombe hahitaji kuchorewa wimbi. Aulizwe tu upepo ukivuma kwa nguvu wavuvi hufanya nini.

Hata hivyo, swali hilo liulizwe kwa uangalifu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Na mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza na kuua mamia. Mwanachuo apelekwaye Ukerewe kwa mazoezi ya kufundisha aulize kwanza kwa mwalimu wa darasa ni watoto gani walifiwa ziwani, wala asimwite mtoto kama huyo kueleza wimbi linavyovunjika.

Vivyo hivyo, "Kisu Mkononi" zima lisomwe chuoni, wala lisipelekwe shule ya msingi. Kwa watoto itoshe taswira ya ng'ombe wa kamba. Wapelekwe uwanjani, wapigilie kigingi, wafunge kamba, mmoja aishike ncha na kuzunguka huku wenzake wakichora alama ya njia yake. Kisha kila mtoto aandike sentensi tatu: anachokiona ng'ombe, anachokitaka, na anachoweza kukifikia. Mwalimu azikusanye sentensi hizo bila kuzisahihisha tahajia siku hiyo, na kipindi kifuatacho kianze kwa kuzisoma mbili au tatu kwa sauti.