NANI HUPANGA SHUGHULI ZA BUNGE?

Watu wengi hudhani kwamba nguvu za Bunge zimo katika kura peke yake. Lakini kabla ya kura sharti jambo liletwe barazani, na mswada usiopewa siku hufa bila ya kukataliwa na mtu.

Tutazame Baraza la Makabwela la Uingereza. Zamani mjumbe aliweza kusema kwa muda aupendao. Mwaka 1881 serikali ilileta mswada wa kuruhusu watu wa Ireland wafungwe bila ya kushtakiwa. Wajumbe wa Ireland wakaupinga kwa kusema mfululizo, hata kikao kikadumu saa 41. Ndipo Spika, Bwana Henry Brand, alipoyakata maneno na kuamuru kura ipigwe. Baadaye zikawekwa kanuni za kupima muda wa majadiliano.

Leo kanuni yasema kwamba shughuli za serikali hutangulia. Walakini katika kila kipindi siku 20 ni za upinzani, na Ijumaa 13 ni za miswada ya wajumbe wasio mawaziri. Majina 20 huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Hata hivyo kanuni ni mali ya Baraza lenyewe. Mwezi wa Machi 2019 wajumbe waliitwalia serikali siku moja, wakajadili wenyewe habari za kutoka katika Umoja wa Ulaya.

Basi, msomaji, usikiapo kwamba mswada umekawia, usiulize tu ni nani aliyeupinga. Uliza pia ni nani aliyeishika orodha ya shughuli.