Vali za Kawaida na Vali za Koti la Joto: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua

Vali ni kifaa cha kufungua, kufunga au kupunguza mwendo wa kimiminika, gesi au mvuke ndani ya bomba. Kwa maji safi au hewa iliyogandamizwa, vali ya kawaida hutosha, wala hatuoni sababu ya mnunuzi kulipa zaidi. Somo hili linawahusu wale ambao bidhaa yao hubadilika tabia inapopoa: wachemshaji wa lami, watengenezaji wa sabuni wanaotumia mafuta ya mawese, viwanda vya sukari vinavyoyeyusha salfa, na wengine wa aina hiyo. Hata mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi kiasi cha kuganda katika joto la kawaida, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limebuniwa likiwa na kihami na mfumo wa kupashwa joto.

Salfa ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Huyeyuka ifikapo nyuzi 115 hadi 119 za Sentigredi. Ikishuka chini ya hapo hugeuka jiwe ndani ya vali, na mpini hauzunguki tena. Ikipanda kupita nyuzi 160 hivi, huwa nzito kama gundi na pampu hushindwa kuisukuma. Mvuke wa boila wenye shinikizo la bar 3 kwenye geji una joto la nyuzi 144 hivi, na wa bar 4 nyuzi 152. Kwa hiyo anayeagiza vali ya salfa hana budi kumweleza muuzaji shinikizo la mvuke wake, si ukubwa wa bomba peke yake.

Vali ya kawaida ina mwili mmoja wa chuma. Vali ya koti la joto ina ganda la pili lililochomelewa kuuzunguka mwili huo, na katika nafasi iliyo kati yao hupita mvuke au mafuta ya moto. Mvuke huingia kwa juu, na maji yatokanayo nao hutoka kwa chini.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Vali ya kawaida iliyofungwa sufu ya miamba na bati huuzwa kana kwamba ni vali ya koti. Kihami hakizalishi joto. Hupunguza tu kasi ya joto kupotea. Blanketi likifunikwa juu ya jiwe baridi, jiwe hubaki baridi. Pampu ikizimwa usiku kucha, lami iliyo ndani ya vali yenye kihami pekee itakuwa imeganda asubuhi, na atatafutwa mtu wa kuipasha kwa moto wa gesi, jambo ambalo hatulishauri kamwe. Alama ya kuitambua vali ya koti ni rahisi: lazima iwe na matundu ya kuingizia na kutolea mvuke. Isipokuwa nayo, mnunuzi asikubali bei ya vali ya koti.

Tofauti nyingine iko kwenye flanji. Ili koti lienee hadi nyuma ya flanji, vali nyingi za aina hii hupewa flanji kubwa kuliko njia yake. Vali ya milimita 50 yaweza kuwa na flanji ya milimita 80. Kwa daraja la PN 16, flanji ya 50 ina kipenyo cha milimita 165 na matundu 4 ya bolti. Ya 80 ina milimita 200 na matundu 8. Aliyeagiza kwa kutaja "inchi mbili" tu atajikuta na vali isiyoingia kwenye bomba lake.

Jambo zito kuliko yote ni usalama. Vyumba viwili vya vali ya koti havipaswi kukutana. Lami huhifadhiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 140. Tone la maji likipenya humo kupitia ufa wa koti hugeuka mvuke na kuongezeka ujazo mara 1,600 hivi, na lami hufura na kumwagika juu ya wafanyakazi. Kwa hiyo daini cheti chenye vipimo viwili: kimoja cha mwili, kingine cha koti. Kwa kawaida mwili hupimwa kwa maji kwenye shinikizo mara 1.5 ya lile la kazi. Cheti chenye tarakimu moja tu hakitoshi.

Vali za mvuke mtupu hazihitaji koti, ila kihami zinakihitaji sana, maana vali tupu hupoteza joto kama mita nzima ya bomba tupu au zaidi. Chagua vifuniko vya kufungua na kufunga, ili fundi asilazimike kuvirarua kila anapokaza nati. Kwa upande wa baridi kali, kama oksijeni ya kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, vali hupewa shingo ndefu ili barafu isifike penye mpini.

Wanaonunua vali zilizotumika wakumbuke kwamba vihami vya zamani huweza kuwa na asbesto. Visivunjwe vikiwa vikavu, wala visifagiliwe. Viachwe hadi vipimwe. Na pwani, fungueni kihami angalau mara moja kwa mwaka: unyevu wa chumvi ukinasa chini ya bati hula chuma bila mtu kuona.