Folda ya Picha Imekuwa Tupu? Soma Haya Kabla ya Kufomati Diski

Jumatatu moja asubuhi tulifika ofisini tukakuta folda ya picha za kaunti iko tupu. Hakukuwa na picha hata moja. Humo mlikuwa na kazi ya miaka mitano: uzinduzi wa visima, vikao vya wananchi vya kujadili bajeti, chanjo ya mifugo, mafuriko, na picha za wazee ambao baadhi yao wametutoka na familia zao bado huja kuomba nakala. Stima ilikuwa imepotea Jumamosi usiku ikarudi Jumapili. Fundi tuliyemwita alitazama kwa dakika kumi, akasema diski zimeharibika, akatushauri tuzifomati zianze kutumika upya.

Hatukufomati. Kufikia saa nane mchana picha zote zilikuwa zimerudi, na hatukuwa tumenunua kitu chochote. Tunaeleza hapa tulivyofanya kwa sababu tatizo hili linaweza kumpata yeyote. Kuna vikundi vya vijana, saiba, studio za picha na shule zinazotumia Linux, hasa Ubuntu, kwa kuwa haitozi ada ya leseni, na wengine wameunganisha diski mbili au tatu ili data isipotee diski moja ikifa.

Ghala na mlango wake

Kompyuta yetu hutumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili ulioanzia katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani na ambao msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2005. Ukiutumia, unakusanya diski zako ziwe hifadhi moja, na mfumo wenyewe ndio unaoamua kipi kiandikwe kwenye diski gani. Katika makala haya tutauita mkusanyiko huo ghala. Ghala letu linaitwa picha. Lina diski mbili zinazobeba nakala sawa za kila kitu, na zimeunganishwa na kompyuta kwa kebo za USB.

Ili uzione faili zako, mambo mawili lazima yatokee kila kompyuta inapowaka. Kwanza, kompyuta ilitambue ghala na kulipokea. Pili, ghala lipachikwe kwenye folda, yaani folda fulani ifanywe mlango wa kuingilia. Mlango wetu ulikuwa folda ya Picha katika akaunti ya ofisi.

Hatua mojawapo ikikwama, folda haiondoki. Inabaki pale pale, ila sasa ni folda ya kawaida isiyo na kitu ndani, na ndiyo maana mtu huamini data imefutika. Mara nyingi faili zenyewe zipo kwenye diski, hazijaguswa. Kazi yako ni kujua ni hatua ipi iliyokwama.

Kabla hujagusa amri yoyote

Acha kuandika chochote kwenye folda hiyo. Sisi tulichelewa: mwanagenzi wetu alikuwa amefika mapema, akaikuta tupu, akadhani tumehamisha picha za zamani, akapakua humo picha zote za mkutano wa Ijumaa. Hakuwa na kosa, lakini jambo hilo lilitusumbua baadaye kama utakavyoona.

Usifomati. Amri ya zpool create na zile zinazoanza na mkfs hutengeneza hifadhi mpya juu ya ile ya zamani. Amri ya fsck, ambayo mafundi wengi huikimbilia, haitengenezi ZFS hata kidogo. Tena usizichomeke diski hizo kwenye kompyuta ya Windows “tuone tu kama zinasoma.” Windows haiifahamu ZFS, na huenda ikakuuliza kama ungependa kufomati diski. Mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo.

Na ikiwa diski zina nambari za vitambulisho vya wanachama wa kikundi, usizikabidhi kwa mtu ili aende nazo nyumbani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Fundi na aje mlipo.

Je, kompyuta inaziona diski?

Fungua dirisha la kuandikia amri na uandike:

lsblk -f

Utapata orodha ya diski zote. Zile za ghala zitakuwa na neno zfs_member kando yake. Ikiwa hazimo kwenye orodha, tatizo liko nje ya programu: kebo imelegea, kasha la diski halipati stima ya kutosha, au diski yenyewe imekufa. Badilisha kebo kwanza. Jaribu tundu jingine la USB, lililo nyuma ya kompyuta, wala si kupitia kile kigawanyaji cha bei rahisi. Ikionekana diski moja kati ya mbili zenye nakala sawa, ghala bado linaweza kufunguka. Litaandikwa DEGRADED, maana yake limepungukiwa lakini linafanya kazi. Wakati huo nakili vitu muhimu kwingine kabla ya jambo lolote.

Zetu zilionekana zote mbili. Hapo ndipo tulipoanza kutilia shaka maneno ya fundi.

Je, ghala limepokelewa?

Amri inayofuata ni hii:

sudo zpool status

Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi, hivyo utaulizwa nywila. Unapoiandika, katika matoleo mengi hakuna kitakachoonekana kwenye skrini, hata nyota. Endelea tu kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza.

Ukijibiwa “no pools available,” kompyuta haijapokea ghala lolote. Ndivyo tulivyojibiwa. Ukijibiwa kwamba moduli za ZFS hazijapakiwa, chanzo kinaweza kuwa sasisho la kerneli, yaani kiini cha Linux, lililoingia bila sehemu ya ZFS inayolingana nalo. Andika sudo modprobe zfs. Ikikataa, zima na uwashe kompyuta, na katika orodha ya kuanzia uchague kerneli ya awali. Data haihusiki hapo.

Sasa uliza ni maghala gani yanayoweza kupokelewa:

sudo zpool import

Amri hii ikiandikwa bila jina la ghala haibadilishi chochote, inatafuta tu. Sisi tulipata jina picha, hali ONLINE, na diski zote mbili chini yake. Ofisi ilipiga makofi, ingawa hatukuwa tumeona picha hata moja bado.

Kwa nini basi kompyuta haikulipokea yenyewe ilipowaka? Jibu lilikuwa flashi ndogo iliyosahauliwa kwenye tundu la mbele. Linux huzipa diski majina kama sdb na sdc kwa kufuata zinavyotambuliwa, jinsi unavyopewa nambari ya foleni katika Huduma Centre: ukitanguliwa na mtu mmoja, nambari yako inabadilika. Kompyuta iliwaka Jumapili flashi ikiwa imechomekwa, ikachukua jina la diski yetu ya kwanza na kuzisukuma nyingine mbele. Kumbukumbu ya ZFS ilikuwa bado inalitafuta ghala kwenye majina ya zamani, ikalikosa, ikanyamaza.

Kila diski pia ina utambulisho wa kudumu unaotokana na modeli na nambari yake ya kiwandani. Huo ni sawa na nambari yako ya kitambulisho, haubadiliki hata foleni iwe ndefu vipi. Kwa hivyo tulilipokea ghala kwa kutumia utambulisho huo:

sudo zpool import -d /dev/disk/by-id picha

ZFS iliyahifadhi majina hayo mapya, na tangu siku hiyo flashi zinachomekwa na kuchomolewa bila shida.

Ukiambiwa kwamba ghala lilitumiwa mwisho na kompyuta nyingine, jiulize kama ni kweli. Kama diski zilitolewa kwenye kompyuta iliyoungua na kuhamishiwa hii, unaweza kuongeza -f ili kulipokea kwa nguvu. Lakini kama kompyuta ile nyingine bado inalitumia ghala hilo kwa njia yoyote, -f inaweza kuliharibu kabisa. Unapohamisha diski kwa hiari, andika kwanza sudo zpool export na jina la ghala kwenye kompyuta ya zamani, na swali hilo halitazuka.

Je, limepachikwa?

Ghala lilipokelewa, lakini folda ilikuwa bado na picha za Ijumaa peke yake. Skrini ilisema haiwezi kupachika kwa sababu folda si tupu, “directory is not empty.” Zile picha za mwanagenzi ndizo zilizoziba mlango.

Kompyuta yetu ilikuwa na Ubuntu 20.04, yenye ZFS ya zamani ambayo hukataa kupachika juu ya folda yenye vitu. Kuanzia toleo la 2.0 la ZFS, mfumo kwa kawaida haukatai. Hupachika juu yake, na vilivyokuwa ndani vinafichika chini bila onyo lolote. Binafsi naona hili jipya ni baya zaidi kwa ofisi kama zetu, maana mtu anaweza kuapa kwamba alihifadhi kazi yake na wenzake wasiione, na wote wakawa wanasema kweli.

Dawa ilikuwa kuisogeza folda ya kawaida kando na kuliacha ghala lijitengenezee mlango:

mv /home/ofisi/Picha /home/ofisi/Picha-Ijumaa

sudo zfs mount -a

Picha zikajaa kwenye skrini. Tulizinakili zile za Ijumaa mahali pake ghalani, tukahakiki kwamba zinafunguka, ndipo tukaifuta folda ya pembeni. Faida nyingine ni kwamba mlango mpya umeundwa na ZFS yenyewe na unamilikiwa na msimamizi. Siku ghala likikosa kupachikwa tena, mtumiaji wa kawaida akijaribu kuweka faili humo atakataliwa, na hapo hapo atajua kuna tatizo.

Kama folda haina kitu na bado ghala halipachikwi, andika zfs get mountpoint,canmount picha uone kama lina mlango uliotajwa na kama linaruhusiwa kupachikwa. Ghala lililofungwa kwa usimbaji linahitaji kwanza sudo zfs load-key picha pamoja na nywila yake. Nywila hiyo ikipotea hakuna fundi wa kukusaidia, kwa hivyo iandikwe na kufungiwa kabatini pamoja na cheti cha usajili wa kikundi.

Ghala likikataa kabisa

Wakati mwingine stima hukatika katikati ya kuandika na diski zikaharibika kweli. Njia ya busara ni kuanzisha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu bila kuisakinisha, kisha kulipokea ghala kwa kusoma tu:

sudo zpool import -f -o readonly=on -R /mnt picha

Tumetumia -f hapa kwa kuwa Ubuntu ya kwenye flashi itahesabiwa kuwa kompyuta nyingine. Likifunguka, nakili kila kitu kwenye diski ya tatu kabla ya kujaribu kutengeneza. Ipo pia -F, ambayo hurudisha ghala nyuma kidogo na kutupa maandishi ya mwisho ili lifunguke. Ukiiongezea -n inakuambia kama ingefaulu, bila kufanya lolote. Hapo ndipo ningemwita mtu anayeifahamu ZFS, na ningemuuliza kabla hajaketi kama amewahi kuitumia.

Jioni ile tulianzisha ukaguzi wa ghala zima kwa sudo zpool scrub picha, ambao husoma kila kipande cha data katika nakala zote mbili na kukihakiki kwa checksum yake, tukaiacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi zpool status ilionyesha makosa sifuri. Tumeagiza betri mpya ya UPS, na tumenunua diski ya tatu ambayo haikai kwenye kompyuta hiyo wala katika chumba hicho, kwa sababu diski mbili zenye nakala sawa bado zinaweza kuibwa pamoja au kuungua pamoja.

Mzee mmoja alikuja Alhamisi kuomba picha ya marehemu mkewe akizindua kisima cha kijiji chao. Tulimchapishia mbili.