Jaza Fomu kwa Mikono Safi

Maandiko: Mwanzo 12:10–20; Mwanzo 20:12; Nehemia 2:4–9

Katika mahitaji tunayoletewa kwenye kesha, la kwenda ng'ambo halikosi. Siku hizi wengi wanaombea ukaazi wa kudumu Kanada. Tunaomba nao na kufunga nao. Lakini baada ya amina mtu hurudi nyumbani kujaza fomu, na hapo ndipo imani yake inapopimwa.

1. Abramu anaingia Misri

Njaa ilipozidi Kanaani, Abramu alihamia Misri. Kuhama hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba alimwambia Sarai ajitambulishe kuwa dada yake. Baadaye, jambo hilo lilipojirudia kwa Abimeleki, alijitetea kwamba kweli Sara alikuwa dada yake kwa upande wa baba. Alitaja nusu ya kweli, akaficha nusu iliyohitajika.

Kwa muda mambo yalimwendea vizuri: kondoo, ng'ombe, punda, ngamia. Aliyelipa ni Sarai, aliyepelekwa nyumbani kwa Farao. Mwishowe Farao akaujua ukweli, akawatoa katika nchi yake.

2. Usimfiche mtoto

Fomu ya Kanada huuliza juu ya ndoa na watoto. Kuna ajenti atakayekuambia, "Ati mtoto? Muache nje kwanza, utamwitisha ukishafika." Usimsikize.

Mtoto wako aliye chini ya miaka 22 na hana mwenzi lazima atajwe, hata kama analelewa na nyanya yake, hata kama alizaliwa kabla ya ndoa, hata kama haendi nawe. Tena lazima apimwe afya kama wewe. Usipomtaja, kwa kawaida hutaweza kumdhamini baadaye kama mtoto wako. Wewe utakuwa na makaratasi, naye atabaki kama Sarai, akilipia maneno yako.

Mwenzi naye ni hivyo hivyo. Mkiishi pamoja kama mume na mke mwaka mmoja au zaidi, Kanada inamhesabu, hata kama hapajakuwa na harusi wala mahari. Kama ndiyo hali yako, njoo tuzungumze habari ya ndoa, lakini usiandike kwamba uko peke yako.

Anayepatikana amedanganya au ameficha jambo muhimu hufungiwa miaka 5. Hata aliyekwisha kupewa ukaazi anaweza kuupoteza uongo ukijulikana.

3. Nehemia alijiandaa

Nehemia alifunga na kuomba. Lakini mfalme alipomuuliza anataka nini, alikuwa na majibu tayari: muda wa safari, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu, mtunza msitu, apewe miti. Maombi yalimfungulia mlango, na bado aliitisha barua. Nasi tujiandae hivi:

Majina. Angalia cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti na vyeti vya shule. Kama hayalingani, mwone wakili mapema, yarekebishwe kwa njia ya sheria.

Ndoa. Ndoa ya kimila pia husajiliwa, kulingana na Sheria ya Ndoa ya 2014. Usingoje mpaka cheti kiitishwe.

Mwenendo mwema. Cheti cha DCI huombwa kupitia eCitizen, kisha unachukuliwa alama za vidole. Kama umefikisha miaka 18 na uliishi Saudia, Qatar au kwingine miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, utahitaji cheti cha polisi cha huko pia. Kikiwa cha Kiarabu, kitafsiriwe.

Masomo na lugha. Matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka 2, na tathmini ya vyeti vya masomo miaka 5. Ukialikwa kupitia Express Entry, una siku 60 tu za kutuma maombi kamili. Hizo si siku za kuanza kutafuta cheti kilichopotea.

Pesa. Panapohitajika ushahidi wa pesa, za kukopa hazihesabiwi. Kuwekewa pesa za chama kwa wiki moja ili taarifa ya benki ipendeze ni udanganyifu. Kama ni zawadi, sema ni zawadi, na aliyetoa aandike barua.

4. Jina ni lako

Anayelipwa kukushauri juu ya uhamiaji wa Kanada awe wakili au mshauri aliyesajiliwa huko. Orodha ya washauri iko wazi mtandaoni. Tafuta jina lake kabla ya kutuma hata shilingi. Hata akikujazia, soma kila ukurasa. Akidanganya yeye, aliyedanganya ni wewe, kwa sababu jina lililo kwenye fomu ni lako.

Na tuelewane, wapendwa: mchungaji hawezi kuandika barua kwamba ulifanya kazi kanisani kama hukufanya. Akikataa, si kwamba hakupendi.

Pengine umeshatuma fomu yenye uongo. Usikae kimya ukitumaini hawataona. Tafuta ushauri wa kisheria, uwaandikie usahihishe kabla hawajakuuliza. Unaweza kukosa nafasi hii. Lakini Abramu alirudi Kanaani, akaliitia tena jina la Bwana (Mwanzo 13:4), na ahadi yake haikufutwa.

Maswali ya kundi la nyumbani

1. Ni nani aliyeumia kwa maneno ya Abramu? Katika fomu zetu, ni nani anayeweza kuumia?
2. Nehemia aliomba, tena akaitisha barua. Wewe umeegemea upande gani?
3. Je, tungemshangilia mwenzetu aliyepata ukaazi kwa uongo?

Tuombe: Baba, tunaomba mlango, na tunaomba ujasiri wa kuandika ukweli. Usitupe nchi ambayo itatulazimu kumkana mtoto wetu. Katika jina la Yesu, amina.