Somo la Mwezi: Kuwafundisha Vijana Kuiuliza Mashine

Wengi wetu tunao watoto katika shule za sekondari, nasi twajua ya kuwa wako waandikao maswali yao katika simu na kupewa majibu na akili mnemba mara moja. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ile iitwayo ChatGPT, desturi hii imeenea upesi. Wako wasemao, “Tuwakataze.” Shule za serikali za mji wa New York zilikataza Januari 2023, mwezi wa Mei mwaka uo huo katazo likaondolewa. Basi twaona ni afadhali kuwafundisha. Mafundisho yenyewe ni mambo matatu.

1. Wajue mashine ni kitu gani.

Mashine hii haikuona jambo lo lote kwa macho. Ilipewa maandiko mengi mno, ikajifunza neno gani hufuata neno gani. Nayo ikiulizwa hutunga jibu kidogo kidogo, ikichagua maneno yaelekeayo kufuatana. Kwa hiyo usemi wake huwa mzuri hata pale usipokuwa wa kweli. Mwaka 2023 ilijulikana ya kuwa mawakili wawili wa New York walitaja mahakamani kesi walizopewa na ChatGPT. Zilipotafutwa, hazikuwako kamwe. Wao na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000. Mashine haikuitwa kujibu, waliitwa wao. Nasi tutumiao Kiswahili tuzidi kuangalia, maana maandiko ya Kiswahili iliyojifunza ni machache kuliko ya Kiingereza.

2. Wajue kuuliza.

Mwanafunzi akiandika tu, “Niambie habari za Maji Maji,” atapata maneno mengi yasiyo na mpaka. Afundishwe kueleza mambo manne: yeye ni nani, ataka nini, kwa kiasi gani, na jibu liwe la namna gani. Kwa mfano: “Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Nieleze sababu tatu za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kila moja kwa sentensi mbili, kwa Kiswahili chepesi. Usipokuwa na hakika, sema hivyo.”

Kisha afungue kitabu cha shule alinganishe. Mashine ikitaja kulazimishwa kulima pamba, na kitabu kinasema vivyo, vema. Ikitaja mtu au kitabu kisichoonekana po pote pengine, asikiandike. Hata lile agizo la kusema pasipo hakika halitoshi, kwa kuwa mashine huweza kukosea huku ikisema kwa uthabiti.

Walimu wa dini, ninyi mwaijua kazi hii. Mwanafunzi asiyesoma kitu hana la kuuliza. Bali aliyesoma kidogo huuliza kwa mpango, na jibu baya hulitambua. Basi kuuliza vema ni tunda la kusoma, wala hakuwezi kushika mahali pake.

3. Wajue haki.

Kijana apelekaye insha ya mashine kwa jina lake amdanganya mwalimu, tena ajinyima elimu. Siku ya mtihani atakaa peke yake. Akisaidiwa, aseme amesaidiwa wapi. Tena asiandike humo jina la jirani, wala ugonjwa wake, wala siri ya nyumba, maana ayaandikayo huenda katika mitambo ya kampuni iliyo mbali.

Na wakumbuke watu wasioonekana. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maneno machafu na ya kutisha ili mashine ifundishwe kuyatambua, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Jibu tulipatalo bure lina jasho la mtu ndani yake.

Kwa watoto wadogo, UNESCO katika mwongozo wake wa Septemba 2023 ilishauri kuweka mpaka wa umri wa miaka 13 kwa kutumia mashine hizi darasani.

Zoezi

Asiye na simu asikate tamaa. Mwalimu aandike ubaoni habari fupi kwa maneno mazuri, atie ndani yake makosa mawili, kisha vijana wayatafute kwa kutumia vitabu. Wakizoea kupima ubao, watapima na simu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba jibu lisilopimwa humrudisha mwulizaji katika ujinga wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mashine huweza kusema uongo kwa maneno mazuri?
2. Taja mambo manne ya kueleza katika swali.
3. Mawakili wale walikosa wapi, nasi twajifunza nini?
4. Kijana wako alisaidiwa na mashine. Utamwambia aandike nini juu ya kazi yake?