SOMO: YATIMA NA NYUMBANI KWAKE
Mafungu: Yakobo 1:27, Esta 2:5-7

Vijana wetu wanauliza: je, tuunde timu ya kwenda kujitolea katika kituo cha yatima? Moyo huo ni mwema. Lakini kwanza tujifunze.

Kule Kamboja, Asia, kati ya mwaka 2005 na 2010 vituo vya watoto viliongezeka kwa asilimia 75. Watoto wengi waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Umaskini uliwapeleka, na sadaka za wageni zilifanya vituo vizidi. Timu inakaa majuma mawili, mtoto anaizoea, inaondoka. Anazoea nyingine, nayo inaondoka. Moyo wake unaumia kila mara.

Yakobo anamtaja yatima pamoja na mjane. Tukimsaidia mama, mtoto atabaki nyumbani. Esta alifiwa na wazazi wote wawili. Mordekai, aliyeishi uhamishoni kama sisi, alimlea binti huyo wa ami yake kama mtoto wake.

Basi timu yetu ianze hapa kambini, kwa jirani anayelea mtoto asiye wake. Tumchotee maji, tumfundishe mtoto kusoma, na juma lijalo turudi. Nawe mzazi unayewaza kumtoa mtoto kwa sababu ya njaa, usione haya. Waambie wazee wa kanisa mapema.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wako, nani analea yatima?
2. Tutarudi kwake lini?

Mungu awabariki.