Uamuzi na Tokeo Lake: Somo Kutoka Maisha ya Annie Duke

Utangulizi

Mwenzetu akifaulu, tunasema alikuwa na akili. Akishindwa, tunasema alikosea tangu mwanzo. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia maisha ya Annie Duke, Mmarekani aliyeanza na saikolojia ya lugha, kisha akaishi kwa mchezo wa karata uitwao poka. Hatumwaliki msomaji kwenye kamari. Tunatafuta somo la kufikiri.

1. Kutoka lugha hadi karata

Annie Duke alizaliwa mwaka 1965. Baba yake, Richard Lederer, alifundisha Kiingereza na kuandika vitabu juu ya maneno. Binti alisoma Columbia, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye shule ya mtaalamu Lila Gleitman. Swali lao lilikuwa hili: mtoto hujifunzaje maana ya vitenzi? Gleitman alishikilia kwamba umbo la sentensi lenyewe humwongoza.

Tutoe mfano wetu wa Kiswahili: «Mama amemdofea mtoto maji.» Kitenzi hicho tumekibuni. Hata hivyo kiambishi *-m-* na kauli ya kutendea vinatuambia kwamba mama ametenda jambo fulani kuhusu maji, na jambo hilo linamhusu mtoto. Tumekisia kisichojulikana kwa kutumia kinachoonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa karibu kumaliza udaktari, Annie aliugua, akalazwa hospitali, akaacha masomo. Alihamia jimbo la Montana, na huko akaanza kucheza poka kwa pesa. Kaka yake, Howard Lederer, aliyekuwa tayari mchezaji, ndiye aliyemfundisha.

2. Bahati na hesabu

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, na karata 5 za wazi huwekwa mezani kwa wote. Kabla ya karata kufunuliwa, wachezaji huweka pesa. Anayeona hatari anaweza kujitoa.

Chukua mchezaji mwenye karata 4 za kopa, anayengoja karata ya mwisho ili apate ya tano. Ameona karata 6 kati ya 52: mbili zake na nne za mezani. Zimebaki 46 asizoziona, na kati yake kopa ni 9. Nafasi yake ni 9 kati ya 46, yaani karibu mara 1 kati ya 5. Akitoa pesa nyingi kufuata pesa kidogo kwa nafasi hiyo, kisha kopa ikatokea, ameshinda; lakini uamuzi wake ulikuwa mbaya. Arudie hivyo mara mia, ataondoka mikono mitupu.

3. Mwaka 2004

Mwaka 2004 Duke alishinda bangili yake ya Mashindano ya Dunia ya Poka. Mwaka huohuo alialikwa kwenye shindano la mabingwa 10, ambamo mshindi alichukua dola 2.000.000 zote na wengine hawakupata kitu. Alikuwa mwanamke pekee mezani.

Katika mchezo mmoja alishika jozi ya kumi dhidi ya Greg Raymer, bingwa wa mwaka ule. Jozi ya kumi ni karata nzuri, lakini alijitoa. Raymer alikuwa na jozi ya wafalme. Kumi dhidi ya wafalme hushinda karibu mara 1 tu kati ya 5. Hatimaye Duke aliwashinda wote, kaka yake akiwemo. Mwaka 2010 alishinda tena shindano la ana kwa ana la televisheni ya NBC, akapata dola 500.000.

Si kila jambo lilimwendea vizuri. Ligi ya poka aliyoisimamia kuanzia 2011 ilifilisika mwaka 2012.

4. Tuhukumu lini?

Katika kitabu chake *Thinking in Bets* (2018), Duke anaonya juu ya kosa la kupima ubora wa uamuzi kwa tokeo lake tu. Maisha yake mwenyewe ni ushahidi. Aliyemtazama mwaka alipoacha chuo angesema ameshindwa. Aliyemtazama mwaka 2004 angesema alifanya vema kuacha. Mwaka 2023 alikamilisha udaktari wake Pennsylvania, miaka thelathini hivi baadaye. Uamuzi ni uleule, hukumu tatu.

Hitimisho

Wahenga walisema: kuteleza si kuanguka. Mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ugonjwa au kwa kukosa ada asihukumiwe kwa tokeo la mwaka mmoja. Tuulize kwanza: alijua nini siku ile, na alikuwa na njia zipi?

Mazoezi

1. Buni kitenzi kingine, kitumie katika kauli ya kutendwa na ya kutendeshana, kisha eleza msomaji anakisia nini.
2. Panga kwa kadiri ya uhakika: *labda, bila shaka, huenda, yamkini*. Wenzako wanakubaliana nawe?
3. Taja uamuzi mmoja mzuri uliokuletea tokeo baya. Ungeurudia?